KABLA KIJIJI HAKIJAGAWA ENEO LA KITUO CHA UTAFITI, ULIZA MASWALI HAYA MATANO

Leo sina somo la mbolea wala la viuatilifu. Nataka tuzungumze kuhusu vituo vya utafiti wa mazingira: vipima mvua, vipimo vya kina cha mito, maeneo ya msitu ambamo miti imepigwa namba na kuhesabiwa, na vile vinara vyenye sola vinavyofungwa na miradi. Wengi wenu mnaona hayo ni mambo ya wasomi. Gari linafika ofisi ya kijiji, wageni wanasaini kitabu, wanaonyeshwa eneo, wanafunga vifaa vyao na kuondoka. Baada ya miaka mitatu mradi umekwisha. Kibao kipo, uzio upo, betri imeibwa, na hakuna anayejua mvua ya mwaka ule ilikuwa kiasi gani.

Msimamo wangu nausema mapema. Kijiji kisigawe hata hatua kumi za ardhi kwa kituo kipya mpaka kijue mambo matatu: nani atasoma kipimo mwaka wa 20, nani atamlipa, na daftari litakaa wapi. Kama mwenye mradi hana majibu, mwambieni kwa heshima akajipange, kisha arudi. Najua wapo watakaosema nawafundisha wananchi kukataa maendeleo. Sikubaliani nao. Kipimo kinachosomwa miaka mitatu kisha kikaachwa hakimsaidii mkulima, na kinachukua nafasi ya kile ambacho kingedumu.

Kwa nini hili linakuhusu wewe wa Dindira

Wewe unalima chai, mahindi, maharage, ndizi, pengine na iliki kidogo. Shamba lako liko mlimani, na maji ya milima yetu huishia mto Pangani. Katika mto huohuo ndimo mradi wa maji wa HTM unamochota maji ya ndugu zetu wa Handeni. Chini zaidi kuna mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani. Kwa hiyo watu wengi sana wanayategemea maji ya mlima huu, na wengi wao hawajawahi kufika huku juu.

Sasa fikiri siku mto ukipungua. Nani atalaumiwa kwanza? Ni mkulima wa juu. Ataambiwa amekata miti, amelima bondeni, amekausha vyanzo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na mimi nasema sheria hiyo ifuatwe. Lakini zikija hatua nyingine kubwa zaidi, mfano kusogeza mipaka, kupiga marufuku zao fulani au kugawa upya maji, utajitetea kwa nini? Ukisema "zamani mvua ilikuwa nyingi" hayo ni maneno. Mwenzako wa chini naye atakuja na maneno yake. Atakayekuja na daftari la miaka 30 ndiye atakayesikilizwa.

Na si ugomvi wa maji tu. Bima za mazao zinazolipa kwa kuangalia kiasi cha mvua zinahitaji takwimu za mvua. Benki inayofikiria kukopesha wakulima wa chai inataka kujua ukame huja mara ngapi. Hata mimi afisa ugani wako nikikwambia "panda mapema", ushauri huo unatakiwa usimame juu ya kumbukumbu za mahali hapa, maana mvua ya Mombo siyo mvua ya Dindira. Upande wa milima unaopokea upepo wa bahari hupata mvua nyingi, na upande wa pili hubaki mkavu. Ni milima ileile, lakini ni nchi mbili.

Miaka mitatu ni kidogo mno

Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipindi cha miaka 30 kupata wastani wa hali ya hewa ya mahali. Mradi wa miaka mitatu ni sehemu moja ya kumi ya kipindi hicho. Ukibahatika miaka hiyo mitatu ikawa ya mvua nzuri, ripoti itasema Dindira hakuna shida. Ikiwa ya ukame, itasema Dindira inageuka jangwa. Zote mbili zitachapishwa, na wewe utabaki palepale.

Mazingira hubadilika polepole, kisha hubadilika ghafla. Mti unaoitwa kitaalamu Maesopsis eminii, ambao wengi tunauita mhesi, uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miaka mingi ulionekana ni mti mzuri wa mbao unaokua haraka. Baadaye, misitu ilipokatwa magogo, mhesi ulijaa kwenye mapengo na kuanza kuchukua nafasi ya miti ya asili. Mtafiti aliyekuja kwa miaka mitatu tu, mti ulipokuwa mpya, angeandika kwamba hakuna tatizo, na asingekuwa amesema uongo. Ni muda wake tu ulikuwa mfupi.

Kazi ndefu inawezekana, tena hapahapa kwenye milima yetu. Tangu mwaka 1987 mtafiti William Newmark na wenzake, wakiwemo Watanzania wanaoijua misitu hii, wamekuwa wakitega nyavu, kuwavisha ndege pete na kuwaachia katika misitu ya Usambara. Mwaka mmoja wa pete hizo haukueleza mengi. Miaka 30 imeonyesha jinsi ndege wa msituni wanavyopungua pale misitu inapobaki vipande vipande na joto linapopanda. Vifaa vyao vikubwa ni nyavu, pete, mizani na daftari. Kilichohitajika zaidi ni watu kurudi mahali palepale mwaka hadi mwaka.

Serengeti nako ni hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walihesabiwa wakawa kama 250,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja. Kwa nini waliongezeka hivyo? Sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa maeneo ya jirani walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ukatoweka porini, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Jambo hilo lilieleweka kwa sababu kuna watu waliokuwa wakihesabu kabla, wakati na baada. Mimi nauliza: kama nchi imeweza kuwahesabu nyumbu kwa zaidi ya miaka 60, inashindwaje kupima mvua ya mkulima wa chai?

Muhogo wa Amani: faida iliyokuja baada ya miaka 50

Kwa anayesema utafiti mrefu hauna faida kwa mkulima, mimi namjibu kwa muhogo.

Kituo cha Amani, kule Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja mikononi mwa Waingereza. Katikati ya miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza kazi ya kutafuta muhogo unaostahimili ugonjwa wa batobato. Waliuchavusha muhogo wa kawaida na ndugu yake wa porini, mti wa mpira unaoitwa Manihot glaziovii, kisha wakawa wanarudisha uzao huo kwa muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, ili wapate mmea wenye kinga na mizizi inayolika. Mwaka 1936 Storey alikuwa wa kwanza kueleza kitaalamu ugonjwa wa michirizi ya kahawia, huohuo unaowaozeshea watu mihogo hadi leo. Kazi iliendelea kwa D. L. Jennings hadi mwaka 1957. Hiyo ni zaidi ya miaka 20, na ndani yake kuna vita ya dunia.

Matunda yake yalikwenda wapi? Mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria. Huko ukapatikana muhogo ulioitwa 58308, ambao miaka ya 1970 ulikuwa mzazi mkubwa wa aina zinazostahimili batobato zilizosambaa Afrika nzima. Michirizi ya kahawia nayo, ilipolipuka Uganda kuanzia mwaka 2004 na kutishia eneo lote la Maziwa Makuu, wataalamu walirudi kutafuta kinga kwenye aina za zamani. Mojawapo ni Namikonga, ambayo Kenya huitwa Kaleso, na asili yake ni kazi ileile ya Amani. Karibu miaka 50 baada ya kazi kufungwa, bado inamlisha mtu.

Hebu fikiri kama mwaka 1938 angetokea mfadhili akasema, "Miaka mitatu imetimia, leteni ripoti ya mwisho." Leo tungekuwa na ripoti, na muhogo usingekuwepo.

Kilichovunja vituo vyetu

Usidhani nasifia enzi za ukoloni. Amani ilijengwa kwa manufaa ya mashamba ya wakoloni, na maamuzi yake yalifanyika mbali. Hilo ndilo lililoiponza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakachukuliwa na utafiti wa malaria. Muguga ikawa ya Afrika Mashariki yote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikabaki na kilichokuwa ndani ya mpaka wake.

Tazama hasara yake kwa mfano wa maji, maana huu unatugusa sana sisi wa chai. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa Muguga walipima mabonde kwa miaka mingi. Kericho, Kenya, walipima bonde ambalo msitu wake ulikuwa unaondolewa na kupandwa chai, wakalilinganisha na bonde lililobaki msitu. Chai ilipokomaa, na kwa kuwa hifadhi ya udongo ilifanywa vizuri, matumizi ya maji hayakutofautiana sana na ya msitu. Mbeya walilinganisha bonde la msitu na bonde lililolimwa na wakulima kwenye mteremko mkali. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi wakati wa kiangazi kuliko lile la msitu.

Usikimbilie kushika panga. Udongo wa kule Mbeya ni majivu ya volkano, unanyonya mvua hata ukilimwa. Milima ya Usambara ni miamba ya kale sana, siyo volkano, na udongo wake una tabia nyingine. Mteremko ukiachwa wazi hapa kwetu, mvua inateremka na udongo wako. Kwa hiyo majibu ya Mbeya huwezi kuyaleta Dindira, na ya Kericho huwezi kuyaleta bila kupima. Hiyo ndiyo hoja yangu. Yapo mambo ambayo hakuna mtu wa mbali anayeweza kukujibia. Mto wako unajibiwa na kipimo kilicho kwenye mto wako, kilichosomwa kabla msitu haujaguswa na kikaendelea kusomwa baadaye.

Sisi maafisa ugani tunapenda kusema "ukikata mti mvua haitanyesha." Ni kauli rahisi kwenye mkutano. Mkulima mwenye akili akituuliza "kwa kiasi gani, na kwenye mto upi?" tunaanza kutazamana. Mkulima anastahili jibu lenye namba.

Hoja za wanaopinga

*"Siku hizi kuna setilaiti."* Ni kweli, na zinasaidia. Lakini setilaiti haikingi mvua kwenye kopo. Inaangalia mawingu kutoka juu na kukadiria. Makadirio hayo husahihishwa kwa vipima mvua vilivyoko ardhini. Vipima mvua vikipungua, hata setilaiti inabaki bila mwalimu. Na milimani ndiko inakokosea kirahisi, kwa sababu mvua hubadilika ndani ya kilomita chache.

*"Tutaweka mtambo unaojisoma wenyewe."* Wekeni, lakini kando ya mtu. Mtambo una betri, una laini ya simu inayohitaji salio, una faneli ambayo buibui anaweza kuiziba. Mtu akiona jani kwenye faneli analitoa. Mtambo ukizibwa utaandika kwamba mvua haikunyesha, na utaandika hivyo kila siku bila aibu.

*"Nchi yetu ni maskini, vituo vya kudumu ni anasa."* Kilicho ghali ni kujenga upya kila baada ya miaka mitatu. Chukueni bajeti ya mradi wowote uliopita kijijini kwenu, mtazame fedha ya uzinduzi, ya mafuta ya magari na ya posho za vikao, kisha mlinganishe na kifuta jasho cha msomaji mmoja wa kipimo kwa mwaka. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe. Afrika Kusini waliona hivyo, na mwaka 2002 wakaanzisha mtandao wao wa taifa wa kufuatilia mazingira, SAEON, unaofadhiliwa na serikali yao. Uingereza, shamba la ngano la Broadbalk kule Rothamsted limepimwa tangu mwaka 1843. Halikudumu kwa sababu ya majengo mazuri. Limedumu kwa sababu kila kizazi kiliachia kingine daftari na fedha ya kuendelea.

Maswali matano ya kuuliza

Mradi ukija, yaulizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na muhtasari usainiwe.

1. Nani atasoma kipimo, na nani atampokea? Tutajiwe watu wawili wa hapahapa, mmoja mtu mzima na mmoja kijana. Asiwe mwanafunzi wa chuo atakayeondoka akimaliza shahada. Na msiwasahau akina mama, kwani mara nyingi ndio walioko nyumbani saa ya kusoma kipimo, na wengi ni waaminifu wa daftari kuliko sisi.

2. Nani atalipa siku mradi ukiisha? Jibu la "halmashauri itachukua" silikubali mpaka nione kifungu kwenye bajeti. Njia nyingine ipo, nayo imeshajaribiwa kwenye milima hii. Mwaka 2001 uliandikishwa Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, EAMCEF. Utaratibu wa mfuko wa namna hiyo ni kuwekeza mtaji na kutumia faida yake, ili mtaji ubaki. Kila mradi mkubwa wa utafiti unaoingia Usambara utenge sehemu ya fedha zake kwa utaratibu kama huo, kwa ajili ya wasomaji wa vipimo. Vilevile watumiaji wakubwa wa maji hulipa ada kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Ni haki kuomba sehemu ya ada hiyo irudi kupima maji kule yanakotoka.

3. Daftari litakaa wapi? Nakala tatu: ofisi ya kijiji, ofisi ya kata, na taasisi yenye dhamana, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mvua au Bodi ya Bonde kwa mito. Takwimu zikikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja ng'ambo, siku akistaafu mmekosa vyote. Kumbukeni Muguga.

4. Kikiharibika, kinatengenezwa wapi? Kama kipuri hakipatikani Korogwe au Tanga mjini, na fundi lazima atoke nje ya nchi, hicho ni kifaa cha maonyesho. Ombeni kipimo rahisi kitakachodumu.

5. Matokeo yatarudi lini, na kwa lugha gani? Mtafiti anayekuja nchini anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, kwa hiyo msione haya kukiomba. Kisha akubali kurudi kila mwaka kwenye mkutano wa kijiji na kueleza kwa Kiswahili alichokiona, hata kama ni kidogo. Mtu ambaye hawezi kukueleza kwa Kiswahili anachokipima shambani kwako bado hajajiandaa kukipima.

Kwa wanaopanga

Neno moja kwa wakubwa wanaokaa kupanga vituo vya miaka ijayo. Msianze na ramani tupu. Tayari kuna Marikitanda kwa chai, Lushoto kwa misitu, Mlingano kwa udongo na mkonge, na Amani yenyewe. Kuna mashamba makubwa ya chai na mkonge ambayo yamepima mvua miaka mingi kwa kalamu na karatasi. Kabla ya kununua mnara mmoja mpya, tumeni vijana wenye simu wakapige picha kurasa za vitabu hivyo, kwa ruhusa ya wenye mashamba, kabla mchwa hawajafika. Kituo cha zamani kinachofufuliwa kinakuja na miaka yake. Kituo kipya kinaanza na sifuri.

Wewe anza kesho asubuhi

Usisubiri mradi. Fanya hivi:

- Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako viwe na upana sawa. Usitumie ndoo iliyopanuka juu.
- Lifunge kwenye mti uliosimikwa mahali pa wazi, juu ya majani ili matone yasirukie ndani. Kama kuna mti au nyumba karibu, kaa mbali angalau mara mbili ya urefu wake.
- Soma kila siku saa 3 asubuhi kwa rula, kwa milimita, kisha mwaga maji.
- Mvua isiponyesha andika 0. Kama hukusoma, andika "haikusomwa". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na daftari nyingi huharibika hapo.
- Usikisie siku uliyosafiri. Mwachie jirani au mtoto wa shule akusomee.
- Kama una kijito, simika ubao wenye alama za sentimita mahali pasipobebwa na maji, usomwe saa ileile.
- Kila mwisho wa mwezi piga picha ukurasa, na nakala ipeleke ofisi ya kijiji.

Ujue na faida yake ya papo hapo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 imemwaga lita 40,000 na zaidi kwenye ekari yako, yaani zaidi ya ndoo 2,000 za lita 20. Ukijua hilo, utajua lini udongo umeshiba vya kutosha kuweka mbolea ya chai, na lini unatupa fedha.

Kopo moja halitatosha mahakamani wala benki. Lakini makopo kumi ya kaya kumi, yakisomwa saa moja kwa miaka kumi, hayapuuzwi na mtu. Na siku mradi utakapokuja na mnara wake, mtakuwa na jambo la kuzungumza mezani. Mtawaambia: sisi tumeshaanza, ninyi mtatuongezea nini, na mtakaa nasi miaka mingapi?

Makala ijayo tutarudi shambani, tutaangalia namna ya kupogoa chai iliyozeeka. Kama kijiji chako kimeshawahi kuuliza maswali haya, tuandikie ulijibiwaje ili na wengine wajifunze.